Ligamenti ya Goti Inapokatika: Njia za Upasuaji na Vigezo vya Kuchagua

Miongoni mwa majeraha yanayowaondoa wanamichezo viwanjani kwa muda mrefu, kukatika kwa ligamenti mtambuka ya mbele ya goti kuna uzito wa pekee, kwa sababu ncha za ligamenti hiyo haziungani kwa urahisi kama mfupa uliovunjika, matibabu yake huchukua miezi mingi, na goti lililoumia hubaki katika hatari ya kuchakaa mapema hata likitibiwa vizuri. Zlatan Ibrahimović aliumia hivyo mwezi Aprili 2017 akiichezea Manchester United, Virgil van Dijk wa Liverpool akafuata Oktoba 2020, Alexia Putellas wa Barcelona Julai 2022, na Rodri wa Manchester City Septemba 2024. Hata hivyo, jeraha hilo si la wachezaji mashuhuri peke yao, kwani humpata pia kijana anayecheza mpira mtaani, dereva wa bodaboda aliyeanguka na mguu ukajipinda, na mtu wa kawaida aliyekanyaga vibaya akishuka ngazi.

Mgonjwa anapoambiwa kwamba ligamenti yake imekatika, swali linalomjia kwanza ni upasuaji upi ulio bora kuliko mwingine. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja unaonyesha kwamba hakuna njia moja inayomfaa kila mtu, bali kila njia ina faida inayolipiwa kwa hasara fulani, na uamuzi mzuri ni ule unaopatanisha faida na hasara hizo na umri wa mgonjwa, kazi yake, michezo yake, namna anavyolitumia goti lake kila siku, na utayari wake wa kufanya mazoezi kwa miezi mingi baada ya kutoka chumba cha upasuaji.

Ligamenti hiyo na kazi yake

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja, mfupa wa muundi, na kifupa cha mbele kiitwacho pia ya goti. Mifupa hiyo hushikiliwa pamoja na ligamenti, yaani kanda ngumu za nyuzi zinazounganisha mfupa na mfupa, tofauti na kano, ambazo huunganisha msuli na mfupa. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa upasuaji mwingi unaoelezwa hapa huchukua kano na kuigeuza kuwa ligamenti mpya. Katikati ya goti zimo ligamenti mbili zinazopishana kimsalaba: ya nyuma, ambayo ni nene zaidi, na ya mbele, yenye urefu wa takriban sentimita 3, ambayo ndiyo hukatika mara nyingi zaidi. Kati ya mfupa wa paja na muundi zimo pia meniska mbili, yaani vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo hupokea na kusambaza uzito wa mwili.

Ligamenti ya mbele huzuia muundi usisogee mbele kupita kiasi, na pia hulizuia goti lisizunguke isivyostahili pale mtu anapogeuka ghafla. Kwa sababu hiyo, majeraha mengi hutokea bila mtu kugongwa na yeyote: mchezaji hutua baada ya kuruka, hupunguza mwendo ghafla, au hubadili mwelekeo huku unyayo wake umekita chini, goti likaingia ndani na kuzunguka, na nyuzi zikakatika. Wengi husikia mlio ndani ya goti, kisha goti huvimba ndani ya saa chache kutokana na damu inayovujia kwenye kiungo. Uvimbe ukishapungua, hulalamika kwamba goti linalegea na kutaka kuwaangusha kila wanapogeuka. Katika michezo ya kukimbia na kugeuka, kama vile soka na mpira wa kikapu, wasichana na wanawake hupata jeraha hilo mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume wanaocheza michezo hiyohiyo.

Daktari hulitambua jeraha hilo kwanza kwa mikono yake. Katika kipimo kiitwacho cha Lachman, goti hukunjwa kidogo, kati ya nyuzi 20 na 30, kisha muundi huvutwa mbele huku paja likishikiliwa, na muundi ukisogea kuliko wa mguu mzima bila kukoma mahali panapoeleweka, ligamenti huwa imekatika. Picha ya MRI huthibitisha jambo hilo na, muhimu zaidi, huonyesha kama meniska, gegedu au ligamenti nyingine zimeumia pamoja nayo.

Je, kila goti linahitaji kisu?

Kabla ya kulinganisha aina za upasuaji, ni lazima lijibiwe swali la kama upasuaji wenyewe unahitajika. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia watu wazima 121 wenye umri kati ya miaka 18 na 35, wanaopenda michezo lakini wasio wachezaji wa kulipwa, ambao waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi ya tiba, na kundi la pili lilianza na mazoezi peke yake, likiachiwa nafasi ya kufanyiwa upasuaji baadaye iwapo goti lingeendelea kulegea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, na yale ya miaka mitano yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba hali ya magoti ya makundi hayo mawili haikutofautiana kwa kiasi cha maana, na kwamba takriban nusu ya waliokuwa kundi la pili hawakuhitaji kabisa upasuaji wa ligamenti.

Kwa upande mwingine, utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 316, uliochapishwa mwaka 2022, uliwachunguza watu ambao magoti yao yalikuwa yakilegea muda mrefu baada ya kuumia, na ukaona kwamba kwao upasuaji ulileta nafuu kubwa kuliko mazoezi peke yake. Tafiti hizo mbili hazipingani, bali zinafundisha kwa pamoja kwamba mtu ambaye goti lake limetulia, ambaye hachezi michezo ya kugeuka ghafla na ambaye meniska zake ni nzima, ana haki ya kuanza na mazoezi ya miezi mitatu au zaidi chini ya usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini goti linaloendelea kulegea halipaswi kuachwa hivyohivyo kwa miaka, kwa sababu kila linapoteleza husaga meniska na gegedu, na uharibifu huo ni mgumu kurekebishwa kuliko ligamenti yenyewe.

Kushona ligamenti iliyokatika

Njia inayoonekana ya asili zaidi ni kuzishona ncha zilizokatika, na ndiyo iliyotangulia katika historia. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alizishona ligamenti mtambuka za mchimba migodi mwenye umri wa miaka 41, ambaye baadaye aliweza kurudi kazini. Njia hiyo iliendelea kutumika kwa miongo mingi, hadi madaktari wa jeshi la Marekani, John Feagin na Walton Curl, walipochapisha mwaka 1976 matokeo ya miaka mitano ya wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point waliokuwa wameshonwa. Mwanzoni magoti yao yalionekana kuwa mazuri, lakini miaka mitano ilipotimia wengi wao walikuwa na maumivu na magoti yaliyolegea, na wengi walikuwa wameumia tena.

Sababu za kushindwa huko zinaeleweka. Ligamenti inapokatika haikatiki kwa ncha safi, bali nyuzi zake hufumuka kama ncha za kamba ya usumba iliyovutwa hadi ikakatika, na uzi wa daktari hukosa mahali imara pa kushika. Zaidi ya hayo, ligamenti hiyo huelea katika ute wa kiungo, yaani majimaji yanayolainisha goti, ambao huyeyusha na kusambaza damu kabla haijaganda kati ya ncha mbili. Bila bonge la damu, uponyaji hukosa daraja la kupitia.

Hata hivyo, kushona hakujatupwa kabisa. Ligamenti iliyong'oka pale inaposhikana na mfupa wa paja, huku mwili wake wote ukiwa mzima, inaweza kurudishwa mahali pake na kuegemezwa na utepe imara wa nyuzi za kiwandani wakati inapopona. Huko Boston, Marekani, daktari Martha Murray na wenzake walitengeneza sifongo ya kolajeni ya ng'ombe, ambayo huloweshwa damu ya mgonjwa mwenyewe na kuwekwa kati ya ncha mbili ili ishike nafasi ya bonge la damu linalokosekana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwezi Desemba 2020. Katika jaribio la wagonjwa 100, waliowekewa sifongo walifikia matokeo yanayokaribiana na ya waliopandikizwa kano, na misuli yao ya nyuma ya paja ilikuwa na nguvu zaidi, lakini baada ya miaka miwili asilimia 14 yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa pili wa ligamenti, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wale wengine. Ingawa tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu, inatosha kumfanya daktari awe mwangalifu kabla ya kumshauri kijana anayetaka kurudi uwanjani.

Kupandikiza kano: jinsi kazi inavyofanyika

Kwa kuwa kushona kuliwaangusha wengi, upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni wa kuiondoa ligamenti iliyokatika na kuweka kano mahali pake. Wazo hilo nalo ni la zamani, kwani Ernest Hey Groves wa Bristol alilitekeleza mwaka 1917 kwa kutumia utando mgumu wa upande wa nje wa paja. Kwa miongo mingi goti lilipasuliwa wazi, hadi mwaka 1980 ambapo David Dandy wa Uingereza alifanya kazi hiyo kwa msaada wa athroskopu, yaani mrija mwembamba wenye taa na lenzi unaoonyesha ndani ya kiungo. Upasuaji huo wa matundu madogo hupunguza maumivu na kumwezesha daktari kuona vizuri pembe zote za goti, na siku hizi unafanyika pia Afrika Mashariki, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam.

Mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi ya uti wa mgongo. Daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mguu, huisafisha na kuipima, kisha hupitisha athroskopu ndani ya goti lililojazwa maji ya chumvi na kushughulikia meniska zilizochanika. Baada ya hapo, kwa kekee maalumu, hutoboa mfereji mmoja katika muundi na mwingine katika mfupa wa paja, huvuta kano kupitia mifereji hiyo, na huikaza kwa skrubu zinazoibana ndani ya mfereji au kwa kifungo kidogo cha metali kinachoegemea nje ya mfupa. Kano iliyopandikizwa hupoteza kwanza uhai wake, kisha mishipa mipya ya damu huiingia na chembehai za goti huijenga upya polepole. Katika wiki za kati za safari hiyo kano huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, hata kama mgonjwa hahisi tena maumivu. Jambo hilo ndilo linalowaponza wengi wanaodhani wamepona.

Kano ya pia ya goti

Chaguo la kwanza la kipandikizi ni theluthi ya katikati ya kano inayounganisha pia ya goti na muundi, ambayo hukatwa pamoja na kipande kidogo cha mfupa katika kila ncha. Faida yake kubwa ni kwamba vipande hivyo vya mfupa hushikamana na kuta za mifereji, mfupa kwa mfupa, katika muda wa takriban wiki 6 hadi 8, mapema kuliko kano tupu inavyoweza kushikana na mfupa. Rejista za kitaifa za Norway, Denmark na Sweden, ambazo zilianzishwa kati ya mwaka 2004 na 2005 ili kuhifadhi taarifa za kila mgonjwa anayefanyiwa upasuaji huo, zilichambuliwa kwa pamoja kwa wagonjwa zaidi ya 45,000, na ikaonekana kwamba waliopewa kano ya pia walikuwa na hatari ndogo ya kurudia upasuaji, kwa kiasi cha theluthi moja, kuliko waliopewa kano za nyuma ya paja. Ndiyo sababu madaktari wengi wa timu kubwa huipendelea.

Gharama yake ni maumivu ya mbele ya goti, hasa mtu anapopiga magoti, na katika matukio machache pia ya goti huweza kuvunjika au kano iliyobaki kukatika. Hasara hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa ndogo na msomaji wa Kiswahili, kwani Mwislamu husujudu mara nyingi kila siku, Mkristo hupiga magoti kanisani, fundi wa vigae hufanya kazi akiwa amepiga magoti, na katika nyumba nyingi kazi za kufua, kupika na kupalilia bado humweka mtu chini. Tatizo ambalo mchezaji wa kulipwa anaweza kulivumilia huenda likawa kero ya kila siku kwa mtu wa namna hiyo.

Kano za nyuma ya paja

Chaguo la pili ni kano mbili nyembamba za misuli ya nyuma na ndani ya paja, ambazo huchukuliwa kupitia mkato mdogo chini ya goti, kisha hukunjwa ili kupata kamba yenye nyuzi nne au zaidi. Mkato ni mdogo, maumivu ya mbele ya goti ni machache, na mtu hupiga magoti kwa raha zaidi; kwa sababu hizo njia hii ilienea sana tangu miaka ya 1990 na ndiyo inayotumiwa zaidi katika nchi nyingi.

Hasara zake ni tatu. Kwanza, kano tupu huchukua wiki 8 hadi 12 kushikana na mfupa, na kwa vijana wanaocheza michezo ya kasi hukatika tena mara nyingi kidogo kuliko kano ya pia. Pili, misuli iliyonyang'anywa kano zake hupungua nguvu, hasa ya kukunja goti kabisa, jambo linalomgusa mkimbiaji wa mbio fupi, na pia msichana ambaye misuli yake ya nyuma ya paja ndiyo inayoisaidia ligamenti kuuzuia muundi usisogee mbele. Tatu, unene wa kano hautabiriki kabla ya kuchukuliwa: kwa watu wenye maumbo madogo kipandikizi huweza kutoka chembamba, na tafiti zimeonyesha kwamba kipandikizi chenye kipenyo chini ya milimita 8 kina hatari kubwa zaidi ya kukatika kwa vijana. Maambukizi ya vijidudu, ingawa ni nadra kwa njia zote, hutokea zaidi kidogo kwa kano hizi, na siku hizi madaktari wengi huziloweka katika dawa ya vankomisini kabla ya kuzipandikiza, hatua rahisi iliyopunguza sana tatizo hilo.

Kano ya msuli wa mbele ya paja

Chaguo la tatu, linalozidi kupendwa katika miaka ya karibuni, ni kano nene inayounganisha msuli mkubwa wa mbele ya paja na pia ya goti. Kano hiyo ina unene wa kutosha hata kwa mtu mwenye umbo dogo, huweza kuchukuliwa pamoja na kipande cha mfupa au bila hicho, haileti maumivu mengi ya kupiga magoti, na huziacha kano za nyuma ya paja salama. Upungufu wake ni kwamba msuli wa mbele, ambao ndio mhimili wa kunyoosha goti na kupanda ngazi, hudhoofika na huchelewa kurudisha nguvu, na kwamba kumbukumbu za muda mrefu kuhusu kano hii bado ni chache kuliko za zile mbili. Mikononi mwa daktari aliyeizoea, matokeo yake yanakaribiana na ya kano ya pia, na kwa mtu anayehitaji kusujudu na pia kucheza ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito.

Kano za marehemu na nyuzi za kiwandani

Katika nchi zenye benki za viungo, kano huweza kuchukuliwa kutoka kwa mtu aliyefariki ambaye mwili wake ulitolewa kwa ajili hiyo. Upasuaji huwa mfupi na mguu wa mgonjwa haupokonywi kitu, lakini kano hiyo huchelewa kupata uhai mpya, na kundi la utafiti la hospitali kadhaa za Marekani lilikuta kwamba kano za marehemu hukatika takriban mara nne zaidi ya kano za mgonjwa mwenyewe. Kwa kijana anayetaka kurudi uwanjani, jibu liko wazi kwamba hazimfai. Kwa mtu wa makamo mwenye shughuli za kawaida, au kwa goti lenye ligamenti kadhaa zilizokatika, zina nafasi yake.

Nyuzi za kiwandani nazo zilipokelewa kwa matumaini makubwa katika miaka ya 1980, kwa kuwa zilionekana imara tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka michache nyingi zilikatika, na vumbi la nyuzi hizo likasababisha uvimbe sugu ndani ya kiungo, kwa kuwa kitu kisicho na uhai hakijijengi upya kila kinapochakaa. Historia hiyo inatosha kumwonya mgonjwa anayeahidiwa ligamenti bandia itakayomrudisha uwanjani kwa wiki chache.

Mahali pa mifereji na uimarishaji wa nje

Mjadala wa aina ya kano usifiche jambo lenye uzito pengine mkubwa zaidi, yaani mahali mifereji inapotobolewa. Zamani mfereji wa paja ulitobolewa kwa kupitia ule wa muundi, na kipandikizi kikasimama wima kupita kiasi. Muundi ulizuiwa kusogea mbele, lakini goti liliendelea kuzunguka. Siku hizi mfereji wa paja hutobolewa peke yake, mahali hasa ligamenti ya asili iliposhikana, na kipandikizi hulala kwa mshazari unaofaa. Kwa kuwa ligamenti ya asili ina mafungu mawili ya nyuzi, madaktari wa Japani na wale wa Pittsburgh wakiongozwa na Freddie Fu walijaribu pia kuweka vipandikizi viwili katika goti moja. Vipimo vya goti viliboreka kidogo, lakini wagonjwa wenyewe hawakuona tofauti kubwa, na njia hiyo ngumu haikuwa ya kawaida.

Hatua iliyozaa matunda zaidi ni uimarishaji wa upande wa nje wa goti. Mwaka 1879 Paul Segond wa Ufaransa alikwisha kueleza utepe wa nyuzi ulioko upande huo, na mwaka 2013 Steven Claes na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, waliuchunguza upya na kuurudisha katika mjadala. Katika upasuaji huu, pamoja na kupandikiza kano ndani ya goti, daktari hukata ukanda mwembamba wa utando wa nje wa paja, huupitisha chini ya ligamenti ya pembeni, na huukaza kwenye mfupa wa paja ili usaidie kulizuia goti lisizunguke. Jaribio la vijana 618 wenye umri kati ya miaka 14 na 25, lililofanyika Kanada na Ulaya na kuchapishwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba katika miaka miwili kano za nyuma ya paja zilikatika kwa asilimia 11 ya waliopandikizwa bila uimarishaji, na kwa asilimia 4 tu ya waliouongezewa. Kwa kijana ambaye goti lake linalegea sana na anayecheza soka, netiboli au mpira wa mikono, ushahidi huo ni mzito.

Mazoezi ni nusu ya tiba

Matokeo ya upasuaji wowote hutegemea yanayofanyika kabla na baada yake. Isipokuwa pale meniska iliyokwama inapolifunga goti, ni busara kusubiri hadi uvimbe upungue na goti linyooke kabisa, kwa sababu goti linalopasuliwa likiwa limevimba na kukakamaa huweza kubaki hivyo. Baada ya upasuaji, wiki za mwanzo ni za kurudisha unyookaji kamili na kuuamsha msuli wa mbele ya paja. Kukimbia polepole huanza katika mwezi wa tatu au wa nne iwapo nguvu imerudi. Mazoezi ya kuruka na kugeuka hufuata. Na mechi ni za mwisho kabisa.

Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kuumia tena. Muda peke yake hautoshi, kwani mguu uliofanyiwa upasuaji unapaswa pia kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima na kufaulu vipimo vya kuruka. Vijana walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni wanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa karibu mmoja kati ya wanne huumia ligamenti ya goti lilelile au la pili. Kwa jumla, uchambuzi wa tafiti nyingi unaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya waliopasuliwa hurudi katika mchezo wa namna fulani, asilimia 65 hufikia kiwango chao cha zamani, na asilimia 55 tu hurudi katika mashindano.

Kuchagua kwa busara

Kutokana na ushahidi huo, hukumu ya haki ni hii. Mtu asiyecheza michezo ya kugeuka na ambaye goti lake limetulia aanze na mazoezi. Kijana anayetaka kurudi mashindanoni anafaa kupata kano yake mwenyewe, ama ya pia ya goti, ama za nyuma ya paja zikiongezewa uimarishaji wa nje. Mtu ambaye ibada au kazi yake humtaka apige magoti apewe kano za nyuma au za mbele ya paja, na aelezwe sababu. Kushona kubaki kwa wachache ambao ligamenti zao zimeng'oka karibu na mfupa wa paja, na kano za marehemu zisitumiwe kwa vijana pale ambapo kano zao wenyewe zinapatikana.

Mgonjwa anayekwenda kumwona daktari anapaswa kuuliza bila woga ni kano ipi itakayotumika na kwa nini hiyo, meniska zake zina hali gani, ni magoti mangapi ya namna hiyo ambayo daktari huyo huyapasua kwa mwaka, na ni nani atakayesimamia mazoezi yake kwa miezi tisa itakayofuata. Familia inayokusanya fedha za upasuaji itenge tangu mwanzo fedha za fiziotherapia, na kocha anayemtaka mchezaji wake arudi kabla ya wakati akumbuke kwamba anahatarisha goti ambalo kijana huyo atalihitaji kwa maisha yake yote. Walimu wa michezo na viongozi wa klabu nao wana wajibu wao, kwa kuwa mpango wa mazoezi ya kupasha mwili wa FIFA 11+, unaochukua takriban dakika 20 na usiohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, ulipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja ulipojaribiwa kwa wasichana wanaocheza soka nchini Norway. Shule na klabu ziufundishe mpango huo kuanzia sasa, kwani hakuna kipandikizi kilichokwisha kulingana na ligamenti ambayo haijakatika.